Mwalimu na Utaratibu wa Kazi Nyumbani

Mwanachuo hufundishwa tangu muhula wa kwanza kutengeneza azimio la kazi na andalio la somo. Hujifunza kugawa mada katika majuma, majuma katika vipindi, na kipindi katika hatua. Lakini ni nadra kufundishwa namna ya kupanga siku yake mwenyewe, yaani zile saa za kabla ya kengele ya asubuhi na baada ya kengele ya mwisho. Mwalimu asipozipanga saa hizo, andalio huandikwa usiku wa manane, madaftari husahihishwa mbiombio, na mtoto wake mwenyewe huambulia masalio ya nguvu zake.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi mwalimu anavyoweza kujipatia utaratibu wa kutunza nyumba na kufundisha watoto nyumbani, kwa kutumia maarifa yale yale aliyoyapata chuoni. Mfano tunautoa katika yaliyotupata sisi wenyewe mwaka 2020.

Kosa letu la kwanza

Shule nchini Tanzania zilifungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na vyuo vikafuata. Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni, na shule za msingi tarehe 29 Juni mwaka huo huo. Masomo yalitangazwa redioni na katika televisheni, lakini mtoto mdogo hajifunzi kwa kusikiliza peke yake. Huhitaji mtu wa kuketi naye.

Nyumbani kwetu walikuwako watoto wawili, mmoja wa Darasa la Pili na mwingine wa Darasa la Tano. Tulijiona tuko tayari, kwa kuwa kazi yetu ni kufundisha walimu. Tulichukua karatasi ya manila tukachora ratiba mfano wa ile ya shule: vipindi vya dakika 30 kwa mdogo na dakika 40 kwa mkubwa, kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana.

Ratiba hiyo haikumaliza juma. Siku ya kwanza maji ya bomba yalitoka saa 3:30 asubuhi, tukaliacha somo la Hisabati tukaenda kukinga ndoo. Siku ya pili maharage yaliungua tukiwa katikati ya imla. Siku ya tatu tulimtaka yule mdogo asome sentensi aliyoisoma vizuri juma lililopita. Alinyamaza. Tulimgombeza, naye akalia. Usiku, kabla ya kulala, alituuliza kama kesho atakuja tena mwalimu, au atakuwapo mama.

Swali hilo tulilala nalo. Asubuhi yake tuliibandua ile karatasi ukutani.

Chanzo cha kosa

Tulikuwa tumepanga kabla ya kuchunguza. Shule ina kengele, ina mwalimu wa zamu, na mwalimu aliyemo darasani hana chungu jikoni. Nyumbani mtu mmoja ndiye mpishi, mfuaji, muuguzi na mwalimu. Tena saa za nyumbani si zake peke yake: maji, moto na wageni navyo hudai sehemu yao. Kwa hiyo ratiba inayofaa shuleni haiwezi kuhamishiwa nyumbani kama ilivyo.

Hatua tulizozifuata

(a) Kuichunguza siku ilivyo. Kwa siku tatu hatukupanga lolote. Tuliandika tu katika daftari nini kimefanyika na wakati gani. Tuligundua kwamba kazi za nyumbani ni za namna mbili. Ziko zisizosubiri, kama kukinga maji na kupika. Na ziko zinazosubiri, kama kufua na kupiga pasi. Tuligundua pia kwamba mtoto mdogo alikuwa mchangamfu mara baada ya uji, na kwamba baada ya saa 5:00 hakushika jambo. Sisi tulikuwa tumeiweka Hisabati saa 5:30.

(b) Kupanga kwa mfuatano badala ya saa. Tuliandika hivi: baada ya uji, kusoma, baada ya maji, kuhesabu, maharage yakiwa motoni, mkubwa aandike zoezi pale tunapomwona. Maji yakichelewa, kuhesabu nako huchelewa, lakini mfuatano hauvunjiki. Mpango wa saa ukivunjika mara moja, siku nzima huonekana imepotea. Mpango wa mfuatano huendelea kutoka ulipokatizwa.

(c) Kuchagua machache. Mdogo tulimwekea kusoma, kuandika na kuhesabu tu. Mkubwa tulimwekea masomo matatu kwa siku, yakipokezana. Kila somo la mdogo lilikuwa la dakika 20, na zilitosha. Darasani sehemu ya kipindi hutumika kugawa vitabu, kutuliza watoto na kupita dawati kwa dawati. Anayefundisha mtoto mmoja humsahihisha papo hapo.

(d) Kutumia kazi za nyumbani kama zana. Kupima unga kwa kikombe na nusu kikombe ni somo zuri la sehemu, na chenji ya dukani ni somo la kutoa. Lakini tuwe na kiasi. Mtoto akitumwa chumvi, na alete chumvi. Akiulizwa maswali kila anapoinua mguu, atajifunza kuikimbia kazi na somo pamoja.

(e) Kuweka daftari moja. Tulilichora safu nne: kazi, mhusika, imefanyika au la, na maoni. Safu ya maoni ndiyo roho ya daftari. Kila Jumapili jioni tuliisoma, kisha tukabadilisha jambo moja tu kwa juma lililofuata. Ndivyo Hisabati ilivyohamia asubuhi.

Jaribio la mwezi Juni

Tarehe 1 Juni tulirudi chuoni, na watoto wakabaki na bibi yao kwa majuma manne. Hapo tuliona upungufu mwingine. Daftari letu lilijaa vifupisho tulivyovielewa sisi wenyewe, na bibi husoma herufi kubwa tu. Tuliandika upya mistari mitatu, kwa herufi kubwa, nyuma ya kalenda ya zamani.

Bibi naye aliubadilisha mpango. Kusoma alikuhamishia jioni, barazani, anapochambua mboga, na mtoto akawa anamsomea yeye. Hakumsahihisha sana, alimwuliza tu, “Halafu ikawaje?” Shule zilipofunguliwa mtoto yule alikuwa akisoma ukurasa mzima bila woga. Mkubwa, hata hivyo, alirudi shuleni akiwa nyuma katika sehemu, kwa kuwa sisi tulirudi jioni tumechoka na hapakuwa na wa kumfundisha. Hilo nalo limo katika safu ya maoni.

Faida kwa mwalimu mwanafunzi

Wewe utakayekwenda katika mazoezi ya kufundisha, pengine utapanga chumba, utajipikia, na huenda utakuwa na mtoto mchanga mgongoni. Usiazime mpango wa mwenzako mzima mzima. Mmoja hufaidika na daftari, mwingine na karatasi ukutani, mwingine na simu yake. Upime mpango wako kwa maswali matatu. Je, unafuatika hata siku mbaya? Je, mtu mwingine anaweza kuusoma na kuusaidia? Je, unakuonyesha la kubadilisha juma lijalo? Ukijibu “la” kwa moja kati ya hayo, rudi kwenye uchunguzi.

Twajua kwamba hakuna mpango uzuiao maharage kuungua. Lakini mpango mzuri humwachia mwalimu nguvu ya kutosha ili mtoto, wa darasani au wa nyumbani, asiogope kesho yake.

Zoezi

1. Kwa siku tatu andika kazi zako zote na wakati ulipozifanya. Zitenge zinazosubiri na zisizosubiri.
2. Panga siku moja kwa mfuatano, bila kutaja saa isipokuwa ya kengele ya shule.
3. Mpe mwenzako mpango huo ausome bila maelezo yako. Jadilianeni yale aliyoshindwa kuyaelewa.