Dawa ya Mtoto Si Dawa ya Paka

Mama mmoja wa Mlabani alinijia asubuhi na kikapu cha ukindu, amekifunika kwa kipande cha khanga. Ndani alikuwamo paka wake. "Jana hakugusa chakula, daktari, na mwili ulikuwa wa moto. Nikamsagia panadol moja, nikamnywesha kwa maziwa." Nilipouinua mdomo wa juu, fizi ambazo hutakiwa kuwa za waridi zilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Uso umevimba, nyayo za mbele zimevimba, pumzi inavutwa kwa taabu. Hakuifikia jioni.

Mama yule alimpenda paka wake, na ndiyo sababu alimpa dawa. Kwa hiyo nataka jambo hili lieleweke nyumba kwa nyumba. Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya kinachoigeuza parasetamo, yaani hiyo panadol, ili itoke salama mwilini. Dawa inabaki, inakuwa sumu, inaharibu chembe nyekundu za damu mpaka zinashindwa kubeba oksijeni. Mtoto hupewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kwa paka wa kilo 4 ni miligramu 125 kwa kilo, na paka huweza kudhurika hata kwa kiasi kile cha mtoto. Iko dawa ya kumwokoa, asetilisisteini, lakini saa zinahesabika.

Ini hilohilo ndilo linalomponza kwenye dawa za wadudu. Sisi wa bonde la Kilombero tumezizoea. Tangu mradi wa KINET ulipoanza kusambaza vyandarua vya Zuia Mbu katika Kilombero na Ulanga mwaka 1997, viuatilifu vya jamii ya pairethroidi vimelala nasi kitandani. Chandarua kikavu hakimsumbui paka anayejikunja miguuni pako. Cha kuogopa ni dawa ya kupe na viroboto ya mbwa, hasa yenye pemethrini. Mbwa anaihimili, paka anaanza kutetemeka, kutokwa mate, kisha degedege. Ukimpaka kwa bahati mbaya, mwoshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, umkimbize kwa daktari wa mifugo.

Halafu kuna sumu ya panya. Mpunga ukishaingia ndani, panya wanaufuata, na katika nyumba nyingi paka na sumu hupewa kazi moja kwa wakati mmoja. Paka akila panya aliyekula sumu ya kuzuia damu isigande, siku mbili tatu za mwanzo huonekana mzima kabisa. Baadaye fizi zinakuwa nyeupe, anahema, pengine damu inatoka puani au choo kinakuwa cheusi. Vitamini K1 humsaidia sana ikianza mapema, kwa hiyo ukijua amekula, usingoje dalili. Mimi nasema wazi: mwenye paka ghalani asiweke sumu.

Ugumu wa paka ni kwamba huficha maradhi. Halilii maumivu yake kama mbuzi. Anaingia uvunguni na kunyamaza. Akikaa kutwa nzima bila kula, hilo tayari ni ugonjwa, na kwa paka mnene njaa yenyewe huweza kulijaza ini mafuta. Akihema mdomo wazi, au pumzi zake akiwa amelala zikizidi 40 kwa dakika, ni dharura.

Dharura nyingine ni dume anayechuchumaa kwenye majivu tena na tena, analia, anajilamba, na tone halitoki. Watu humdhania amefunga choo, wakamnywesha mafuta. Kumbe mrija wa mkojo umeziba. Ukilipapasa tumbo taratibu unakutana na kibofu kigumu kama chungwa. Usilikamue, kibofu kinaweza kupasuka. Siku moja au mbili zinatosha kumuua.

Punje kama za mchele zilizoshikamana na manyoya chini ya mkia zisikutie hofu hivyo. Ni vipande vya tegu, anayempata kwa kumeza kiroboto anapojilamba. Tiba ni prazikwanteli, tunayoijua kwa kichocho, ila kipimo kifuate uzito wake, na viroboto nao watibiwe.

Lakini paka mpole aliyebadilika ghafla, anauma ovyo, anatokwa udenda, usimfungue mdomo ukitafuta mfupa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo. Chanjo ya paka huanza akiwa na miezi 3.

Nawaombeni, mkimleta paka mgonjwa, leteni na pakiti ya chochote alichopewa au alichokula. Wala msione aibu kusema.