KUPOOZA: JE, UBONGO UNAWEZA KUTENGENEZWA?

Wafanyakazi na mama wa nyumba, mnatuuliza kama kuna sindano ya kuponyesha mutu aliyepooza upande mumoja. Sikilizeni vizuri.

Kupooza kunatoka wapi? Mushipa wa damu katika ubongo unazibika ao unapasuka. Sehemu inayokosa damu inakufa, wala haioti tena kama ngozi.

Selule za shina ni nini? Ni chembe za mwili zisizo bado na kazi maalum, kama kijana aliyeandikwa leo na hajapewa kazi yake. Mwaka 2016 wanganga wa Stanford, Marekani, walitangaza kwamba waliziingiza katika ubongo wa wagonjwa 18, kwa kutoboa mufupa wa kichwa. Wamoja walianza kusogeza mukono na muguu vizuri zaidi. Lakini mwaka 2019 jaribio kubwa la selule hizo, kwa wagonjwa 163, halikufikia shabaha yake.

Basi, ni tumaini, si dawa bado. Anayekuuzia sindano hiyo, usimupe feza yako.

Ufanye nini? Mudomo ukipinda, mukono ukilegea, maneno yakivurugika kwa gafula, mupeleke mugonjwa lupitalo saa ile ile, hata usiku. Usimupe chakula wala kinywaji. Akirudi nyumbani, mumuzoeze mukono na muguu kila siku, kama munganga alivyoonyesha.

Na wewe muzima, pimisha tansio. Ukipewa dawa yake, usiiache kwa sababu unajisikia vizuri. Ubongo unalindwa mbele ya kuharibika.