Nairobi hadi New York: kilomita zile zile, saa tofauti

Tiketi ya Nairobi kwenda New York huwachanganya wengi. Ndege inaondoka JKIA usiku wa manane unakaribia, inatua uwanja wa John F. Kennedy alfajiri. Asiyejua atadhani ni safari ya saa saba, kama ya basi la Mombasa. Kumbe abiria amekaa angani karibu saa 15. New York iko nyuma yetu kwa saa nane majira ya baridi, saba majira ya joto, kwa kuwa Wamarekani hubadilisha saa zao mara mbili kwa mwaka.

Umbali wenyewe ni kama kilomita 11,830. Usiupime kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Rula itakupitisha Nigeria, Mali na Mauritania, ilhali uzi ukivutwa juu ya tufe unakatiza Chad na jangwa la Algeria, kisha unatokea Atlantiki kupitia Morocco. Hiyo ndiyo njia fupi, ingawa marubani huikwepa hapa na pale kwa sababu ya dhoruba au vita.

Boeing 787, ambayo Kenya Airways ilianza nayo safari hii ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, hukata kama kilomita 900 kwa saa. Ukigawanya unapata saa 13 na ushei. Mbona basi kwenda ni zaidi, na kurudi ni nafuu?

Ni upepo. Juu kule, kilomita tisa hadi 12 kutoka ardhini, kuna mkondo wa hewa unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na juu ya Atlantiki ya kaskazini waweza kupita kilomita 200 kwa saa. Anayekwenda Marekani anapambana nao, anayerudi anasukumwa. Nahodha wa jahazi aliyengoja kaskazi imlete Mombasa na kusi imrudishe Maskati asingehitaji kuelezwa haya. Mjapani Wasaburo Oishi aliupima mkondo huo kwa maputo miaka ya 1920, akaandika ripoti yake kwa Kiesperanto. Wasomaji wake, nadhani, hawakuwa wengi.

Nairobi nayo ina lake. JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu hupata shida kunyanyuka, hasa mchana wa jua. Ndiyo maana kuondoka usiku kuna faida: hewa ikipoa, inakuwa nzito, mabawa yanapata kitu cha kushika. Hata hivyo, mara nyingine lazima mizigo au abiria wapunguzwe. New York iko ufukweni, haina tatizo hilo.

Kwa hiyo ukienda kumpokea mgeni Januari, upepo ukiwa katika nguvu zake, usitegemee saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Ndege yaweza kutangulia, nawe bado umekwama Mombasa Road.