Chumba cha Zimamoto Ndani ya Kompyuta

Kwenye kioo cha kompyuta imetandazwa ramani ya mji. Simu inalia: moshi mzito unatoka dirishani mwa ghorofa ya tatu. Mchezaji ana magari matatu tu ya zimamoto, na muda wa kufikiri ni mchache. Akiwa bado mgeni wa mchezo huu, huyapeleka yote matatu, kwa maana moto si jambo la kudharauliwa. Punde simu inalia tena. Upande wa pili wa mji nyumba inawaka, na watoto wamo ndani. Kituo ni kitupu. Na ule moshi wa kwanza, kumbe, ulikuwa wa chakula kilichoungua sufuriani.

Michezo ya aina hii imeenea katika miaka ya karibuni. Mmojawapo ni 911 Operator, uliotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Jutsu Games ya Poland, ambao hutumia ramani za miji halisi. Watu wengi huucheza kwa kujiburudisha. Hata hivyo, wazo la kuingiza chumba cha zimamoto ndani ya kompyuta lilikwisha kuwako karibu nusu karne kabla ya hapo, wala halikubuniwa kwa ajili ya burudani.

Uigaji ni nini?

Wataalamu huita kazi hii uigaji, yaani kutengeneza mfano wa jambo kwa hesabu ili kulichunguza pasipo kuligusa lenyewe. Kompyuta hupewa orodha ya magari na vituo vyake, umbali wa kila mtaa, na idadi ya miito inayotarajiwa kila saa. Miito yenyewe huzuka kwa nasibu, kama namba za dadu: hakuna ajuaye wa pili utakuja lini, lakini kwa muda mrefu wastani wake hujulikana. Kila gari huandikiwa hali yake: liko kituoni, liko njiani, au liko kazini. Kisha saa ya mfano huruka kutoka tukio hata tukio, na miezi ya kazi ya kikosi hupita katika muda mfupi. Kosa likitendeka humo, hakuna anayeungua.

Jiji la New York

Kazi mashuhuri ya namna hii ilifanyika New York, Marekani. Katika miaka ya 1960 miito ya zimamoto jijini humo iliongezeka kwa kasi kubwa. Mingi ilitoka kwenye visanduku vya kengele vilivyosimikwa mitaani, ambavyo vilitaja mahali tu, bila kueleza kinachoungua. Kwa desturi, kila mwito ulitakiwa kupelekewa magari matatu ya maji na mawili ya ngazi, hata kama ni wa uongo. Mwaka 1968 jiji liliwaita watafiti wa shirika la RAND, na mwaka 1970 Grace Carter na Edward Ignall wakachapisha maelezo ya uigaji wao wa kikosi hicho.

Watafiti hao hawakutegemea kompyuta peke yake. Mwaka 1971 baadhi ya magari yalipewa saa za kupimia muda ili kila safari iandikwe. Ilionekana kwamba katika safari fupi gari hutumia muda wake mwingi kuongeza na kupunguza mwendo, ila katika safari ndefu hushika mwendo wake, na hapo muda huongezeka sawasawa na umbali.

Jambo lililowafaa zaidi lilikuwa kanuni nyepesi, iliyochapishwa mwaka 1973 na Peter Kolesar na Edward Blum. Wastani wa umbali kutoka kwenye moto hadi gari lililo karibu hufuata kipeuo cha pili cha eneo likigawanywa kwa idadi ya magari yasiyo kazini. Msomaji na achukue mfano wa eneo lenye magari 16, ambapo wastani huo ni kilomita 1. Magari 12 yakitoka, yakabaki 4, wastani hauwi kilomita 4 bali 2. Lakini izingatiwe kwamba kanuni haihesabu magari yote ya kikosi; inahesabu yale tu yaliyo tayari kuondoka.

Hapo ndipo siri ya chumba cha zimamoto ilipo. Msimamizi anayetuma gari hauzimi moto mmoja tu. Kwa wakati uleule anaamua moto ujao utasubiri kwa muda gani. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1972 ulionyesha kwamba hata kulituma gari lililo karibu kabisa si sahihi siku zote. Ikiwa moto umetokea mpakani, kati ya kata yenye miito mingi na kata tulivu, huenda ikafaa kulituma gari la kata tulivu, ingawa litachelewa kidogo, ili lile la kwanza libaki pale linapohitajiwa mara kwa mara. Vilevile, vituo kadhaa jirani vinapobaki vitupu, ni heri kuhamishia humo magari ya mbali kabla simu haijalia. Waswahili walikwisha kusema kwamba akiba haiozi. Hesabu imekuja kulithibitisha neno hilo.

Mfano na mji

Hata hivyo, habari za New York zina upande wa pili. Kuanzia mwaka 1972, jiji likiwa na uhaba wa fedha, baadhi ya vikosi vilifungwa, na hesabu za watafiti zilitumiwa katika kuchagua vya kufungwa. Katika kitabu walichokitoa mwaka 1998, Deborah Wallace na Rodrick Wallace walizishutumu hesabu hizo vikali. Walieleza kwamba mitaa ya watu maskini ilikuwa na vituo vilivyokaribiana, hivyo kwenye ramani kufunga kimoja kulionekana kuongeza umbali kidogo tu. Lakini vituo hivyo vilikaribiana kwa sababu mioto ilikuwa mingi, na magari yake yalikuwa kazini mara nyingi. Kwa maneno mengine, hesabu ya kuchagua vituo ililiona kila gari kama limelala kituoni, hali ile kanuni ya kipeuo ilikwisha kuonya kwamba magari ya kuhesabiwa ni yaliyo tayari tu.

Kati ya mwaka 1970 na 1980 baadhi ya mitaa ya South Bronx ilipoteza zaidi ya nusu ya majengo yake kwa moto na kwa kutelekezwa. Haitakuwa haki kuitwika kompyuta lawama yote. Palikuwa na umaskini, wenye nyumba walioziacha zichakae, na mioto iliyowashwa makusudi. Lakini familia iliyosimama barabarani usiku ikitazama nyumba yake ikiteketea haikusubiri kwa wastani. Ilisubiri gari moja, na gari hilo lilikuwa limefutwa, au lilikuwa likizima moto kwingine.

Mfano hujibu swali uliloulizwa tu, kwa takwimu ulizopewa tu. Ukiulizwa juu ya umbali, utajibu umbali, wala hautasema chochote juu ya nyumba zilizoungua. Ndiyo maana inampasa anayeutumia kurudi mtaani kila mara na kuulinganisha na mambo yalivyo.

Mchezaji yule, akirudia mchezo mara ya pili, hupeleka gari moja kwenye moshi wa ghorofa ya tatu, hulisogeza la pili katikati ya mji, na la tatu huliacha kituoni. Kisha husubiri. Gari lile lililosimama huonekana halina kazi, kumbe linaulinda mji dhidi ya moto ambao bado haujapigiwa simu.