Je, Wajua? Barabara za Pongwe hazina bawabu
Je, wajua kwamba barabara yoyote ya Pongwe, Tanga, kule kwenye kiwanda cha saruji, unaweza kuihamisha leo hii kwenye ramani ya OpenStreetMap bila kuomba ruhusa? Fungua akaunti tu, anza kuchora. Ramani hiyo ya watu wa kujitolea ilianzishwa Uingereza mwaka 2004. Mradi wa Ramani Huria uliitumia kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko Dar es Salaam.

Wahuni je? Kila badiliko hubaki na jina la akaunti, saa na toleo la awali. Ukikuta zahanati imeandikwa baa, unairudisha mwenyewe.

Kwenye msimbo wa programu huria, ambao nao hujengwa na watu wa kujitolea, mambo ni magumu zaidi. Huko wachache tu ndio wenye ruhusa ya kuingiza mabadiliko, nao huipata kwa kuonekana wakichapa kazi muda mrefu. Tatizo ni kwamba hata uchapakazi huweza kuwa wa kuigiza! Aliyejiita Jia Tan aliusaidia mradi wa XZ Utils, programu ya kubana data, kwa zaidi ya miaka 2, akaaminiwa, kisha mwaka 2024 akapenyeza mlango wa siri. Mhandisi wa programu Andres Freund aliunasa kwa kushangaa kwa nini kuingia kwenye kompyuta kulichelewa kama nusu sekunde.