Bendera Mbele ya Nyumba: Je, Ni Alama ya Mapendo ya Nchi?

Wahenga walisema: bendera hufuata upepo. Kwa methali hiyo humsuta mtu asiye na msimamo, aliye leo upande huu na kesho upande ule. Lakini tukiiacha methali na kuitazama bendera yenyewe, twaona jambo la kushangaza. Kitambaa hicho chapepea kwa namna moja katika nchi zote, na hata hivyo watu wa kila nchi hukitazama kwa macho mengine. Huko Denmark, baba wa jamaa akipandisha bendera bustanini, jirani huuliza: «Leo nani ametimiza miaka?» Huko Ujerumani, kwa muda wa miaka mingi, jirani angenong'ona: «Bwana huyu ni mtu wa siasa gani?» Na kwetu Kongo, raia akitundika bendera juu ya mlango wake siku ya kazi, wapita njia watadhani nyumba imegeuzwa kuwa ofisi ya serikali.

Tofauti hiyo yatoka wapi? Je, mwenye kutundika bendera nyumbani aipenda nchi yake kuliko asiyetundika? Swali hili si la mchezo. Liko katika shule zetu na katika mitaa yetu, na mara nyingi watu hulijibu upesi kuliko inavyofaa. Tutembelee basi nchi chache, tuone ilivyokuwa huko, kisha turudi kwetu.

Nchi ambako bendera ni ya jamaa

Bendera ya Denmark ni nyekundu yenye msalaba mweupe, nayo huitwa Dannebrog. Wenyeji husimulia kwamba ilianguka toka mbinguni tarehe 15 Juni 1219, mfalme wao Valdemar wa Pili alipokuwa akipigana vita katika nchi iitwayo leo Estonia. Wanahistoria hujibu kwamba hadithi hiyo iliandikwa karne nyingi baada ya vita vyenyewe. Hata hivyo watoto wote huijua.

Wengi hudhani kwamba watu wa Denmark wamezoea bendera tangu hapo zamani. Sivyo. Kwa muda mrefu ilikuwa ya mfalme, ya majeshi yake na ya merikebu. Mwaka 1834 raia walikatazwa kabisa kuipandisha majumbani mwao. Kisha kukawa vita vya miaka 1848 mpaka 1850 juu ya nchi ya Schleswig, na watu wakaishika bendera kama mali yao wenyewe. Mwaka 1854 katazo likaondolewa.

Tangu wakati huo bendera imeingia nyumbani kabisa. Yawekwa mezani siku ya kuzaliwa kwa mtoto, na vibendera vidogo huchomekwa juu ya keki. Wakati wa Noeli hufungwa kamba ya vibendera kuuzunguka mti. Mwana akirudi toka safari ya mbali, jamaa humngoja kwenye uwanja wa ndege, kila mmoja na kibendera mkononi. Mtu akifa, bendera hupepea nusu mlingoti. Mwenye kuipandisha asubuhi hujua kwamba jua likichwa lazima aishushe, wala asiache iguse udongo.

Twaona basi kwamba huko bendera husema hasa: «Sisi wa nyumba hii tuna furaha», au: «Sisi wa nyumba hii tuna msiba.» Lakini hata huko si mambo yote yaliyo mepesi. Tangu tarehe 1 Januari 2025 sheria mpya inakataza kupandisha kwenye mlingoti bendera ya taifa jingine pasipo ruhusa, isipokuwa za nchi chache za jirani. Mgeni aliyehamia huko akitaka kukumbuka kwao kwa bendera, yampasa kuomba ruhusa kwanza. Furaha ya mwenye nyumba inao mpaka.

Nchi ambako bendera ilitisha

Tuvuke mpaka wa kusini, tuingie Ujerumani. Bendera ya rangi tatu, nyeusi, nyekundu na ya dhahabu, ilipepea huko mwaka 1848, watu walipodai uhuru na umoja. Ikawa bendera ya Jamhuri mwaka 1919. Lakini Hitler alipotwaa utawala mwaka 1933, aliiondoa. Na tarehe 15 Septemba 1935 bendera ya chama chake, yenye msalaba uliopindika, ikafanywa bendera ya pekee ya taifa.

Siku ile ile ilitolewa sheria nyingine iliyowakataza Wayahudi kuoana na Wajerumani wengine. Ndani ya sheria hiyo mlikuwa na kifungu kilichowakataza pia kupandisha bendera ya taifa. Yatupasa kulitafakari neno hilo. Siku ya sikukuu mtaa mzima ulijaa bendera, na watu wa chama walipita wakitazama madirisha. Nyumba isiyokuwa na bendera ilijulikana mara moja: aidha ni ya Myahudi aliyekatazwa, aidha ni ya mtu anayekataa. Hivyo kitambaa kilichoitwa alama ya umoja kilikuwa kama kidole cha kuonyesha nani atengwe. Ni nani awezaye kusema kwamba wote waliotundika walitundika kwa mapendo? Wengi walitundika kwa hofu.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Wajerumani walibaki na haya. Mwaka 1949 rangi tatu za zamani zilirudishwa, nazo hazikuwa na hatia yoyote katika maovu yale. Hata hivyo baba wa jamaa hakuitundika dirishani, maana aliogopa kufikiriwa kuwa angali na roho ya zamani. Waliowafundisha watoto walisema: Mpende nchi kwa kushika sheria zake na kuukumbuka ukweli, wala si kwa kupunga vitambaa.

Miaka ikapita. Katika Juni na Julai 2006 Kombe la Dunia la mpira lilichezwa Ujerumani. Ghafla bendera zikaonekana madirishani, kwenye magari, hata mashavuni mwa watoto. Wajerumani wenyewe walistaajabu. Wengine walifurahi na kusema: «Sasa tu watu kama watu wengine.» Wengine walikaa kimya, wakikumbuka. Mashindano yalipokwisha, walio wengi walikunja bendera zao na kuziweka sandukuni.

Nchi ambako bendera iko kila mahali

Marekani ni kinyume chake. Bendera yao iliamriwa tarehe 14 Juni 1777. Leo ina mistari 13 na nyota 50. Hutaona mtaa ambao bendera haipo: barazani, bustanini, kwenye duka la mafuta ya magari. Baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001 ziliongezeka sana, maana watu walitaka kuwaambia waliofiwa: «Tuko pamoja nanyi.» Mwaka 1942 Bunge lao liliweka kanuni za kuitunza: isiguse udongo, na ikichakaa iteketezwe kwa heshima. Kanuni hizo ni za kuongoza raia; hazimfungi gerezani.

Wanafunzi wetu watapenda kujua jambo lililotokea shuleni huko. Watoto wa jamaa za Mashahidi wa Yehova walikataa kuisalimu bendera, kwa kuwa dini yao iliwakataza. Wakafukuzwa. Mwaka 1940 mahakama kuu ya nchi ilisema kwamba shule yaweza kuwalazimisha. Lakini miaka mitatu tu baadaye, tarehe 14 Juni 1943, ndiyo siku ya bendera yenyewe, na vita vikali vikiendelea, mahakama hiyo iligeuza hukumu: mtoto asilazimishwe kuisalimu bendera kinyume cha dhamiri yake. Waamuzi waliona kwamba salamu inayotolewa kwa kulazimishwa haina maana, hata kwa bendera yenyewe.

Hata hivyo kuizoea bendera kuna hatari yake. Siku hizi wako Wamarekani wanaoona bendera kubwa juu ya gari au nyumba na kudhani papo hapo kwamba mwenyewe ni wa chama fulani. Hivyo alama ya wote yaweza kunyakuliwa na wachache, na walio wengi wakaachiana macho tu.

Raia aliyeidai bendera

Huko India mambo yalikwenda njia nyingine. Bendera ya rangi tatu ilikubaliwa tarehe 22 Julai 1947, siku chache kabla ya uhuru. Watu walioipigania walifungwa na kupigwa kwa ajili yake. Lakini uhuru ulipopatikana, serikali iliihifadhi mno: raia wa kawaida hakuruhusiwa kuipandisha kwake ila katika siku chache za sikukuu. Bendera ikabaki kwenye majumba ya wakubwa.

Bwana mmoja mwenye viwanda, Naveen Jindal, alikuwa amesoma Marekani katika jimbo la Texas, na huko alikuwa ameona raia wakiitumia bendera pasipo kuomba ruhusa. Aliporudi kwao aliipandisha kwenye kiwanda chake huko Raigarh. Maofisa wakamkataza. Naye akaenda mahakamani. Mwaka 1995 mahakama ya Delhi ilimpa haki. Serikali ikakata rufani. Kanuni mpya zilizoanza tarehe 26 Januari 2002 ziliwaruhusu raia kuipandisha siku zote, na tarehe 23 Januari 2004 mahakama kuu ya nchi ilithibitisha kwamba ni haki ya raia, mradi aitende kwa heshima.

Mwaka 2022, India ilipotimiza miaka 75 ya uhuru, serikali yenyewe iliwaomba watu wote watundike bendera majumbani toka tarehe 13 mpaka 15 Agosti. Yaliyokatazwa jana yakahimizwa leo! Ili bendera zipatikane kwa wingi, kanuni ilikuwa imegeuzwa mwishoni mwa mwaka 2021, na vitambaa vya mashine vikaruhusiwa. Zamani ilikuwa lazima ziwe za nyuzi zilizosokotwa na kufumwa kwa mikono, kwa kumkumbuka Gandhi. Wafumaji waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo walilalamika, maana bei ya mashine iliwashinda. Hapo twaona tena kwamba bendera si wazo tu. Ina mikono iliyoifuma, na mikono hiyo inalisha watoto.

Na kwetu Kongo?

Kwetu bendera ina heshima kubwa, lakini ni heshima ya uwanja wa serikali. Asubuhi ikipandishwa na jioni ikishushwa, mpita njia husimama wima, mwenye baiskeli hushuka, mwenye kofia huivua. Wanafunzi huimba wimbo wa taifa mbele yake kabla ya kuingia darasani. Lakini nyumbani haionekani. Kwa sababu gani?

Sababu moja ni historia. Mzee aliyezaliwa mwaka 1950 aliikuta bendera ya buluu yenye nyota moja ya njano, pamoja na ile ya Ubelgiji. Tarehe 30 Juni 1960 aliona nyota ndogo 6 zikiongezwa, kwa ajili ya majimbo 6. Mwaka 1963 ukaja mstari mwekundu wa mshazari. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaïre, na bendera ikawa ya kijani yenye mkono ulioshika mwenge, uliokuwa pia alama ya chama cha MPR. Mwaka 1997 buluu na nyota 6 zilirudi. Mwaka 2006 Katiba iliweka bendera tuliyo nayo. Mara tano, tusipohesabu marekebisho madogo! Mzee huyo akisema: «Bendera ni ya wakubwa, wakija wengine itabadilishwa», tusimhukumu. Hakuichukia nchi. Amejifunza tu kwamba hakuulizwa.

Lakini tazameni pia mpira. Mwaka 1968 tulitwaa Kombe la Afrika chini ya bendera yenye mstari mwekundu. Mwaka 1974 tulilitwaa tena chini ya ile ya kijani. Rangi zilikuwa mbali mbali, lakini waliocheza ngoma barabarani walikuwa watu wale wale. Na hata sasa timu yetu ikicheza, vijana hujifunika bendera mabegani bila kuamriwa na mtu. Siku hizo bendera hutoka uwanjani pa serikali na kuja kwa watu.

Yatupasa nini?

Kwanza, tusipime mapendo ya jirani kwa kitambaa. Mashariki mwa nchi yetu ziko jamaa zilizofukuzwa na vita, ambazo hazina paa, wala mlingoti. Nani atathubutu kusema kwamba hao hawaipendi nchi waliyoililia? Na yuko mtu mwenye bendera kubwa mezani pake, huku akila fedha za barabara na za dawa.

Pili, mwenye kutaka kutundika bendera yake tarehe 30 Juni asichekwe. Ni yake kama ilivyo ya gavana. Lakini aiangalie iwe safi, isichanike, nyota ikae juu upande wa mlingoti. Asiifanye kitambaa cha meza, wala pazia, wala nguo ya kufungia mizigo.

Tatu, wazazi wawafundishe watoto maana yake: buluu ni amani, nyekundu ni damu ya waliokufa kwa ajili ya nchi, njano ni utajiri wake, na nyota ni siku njema zijazo. Kisha waongeze swali gumu. Amani hiyo, je, imo humu nyumbani mwetu? Utajiri huo, je, tunaulinda au tunauiba? Mtoto akiuliza mbona nyota inang'aa na barabara haipitiki, baba asimkaripie. Mtoto huyo ameanza kuipenda nchi kwa kweli, naye astahili jibu.