Jinsi vipusa wa Doncaster walivyoteremshwa ngazi msimu ukiwa mbichi

DESTURI ya soka kote duniani ni kwamba jedwali la ligi ndilo huamua nani apande na nani ashuke. Lakini klabu ya Doncaster Rovers Belles ya Uingereza ilijua hatima yake mnamo Aprili 2013, ikiwa imesakata mechi moja pekee ya msimu mpya wa Ligi Kuu ya Wanawake (WSL).

Shirikisho la Soka la Uingereza (FA) lilitangaza kwamba kuanzia 2014, Belles wangecheza katika daraja la pili na nafasi yao kutwaliwa na Manchester City. Rufaa ya Belles iligonga mwamba. Mechi zote zilizosalia walizicheza wakijua kuwa hata wangetwaa ubingwa, wangeteremka.

Uamuzi huo uliwaghadhabisha wengi kwa sababu ya historia ya klabu yenyewe. Belles iliasisiwa mnamo 1969 na akina dada waliokuwa wakiuza tiketi za bahati nasibu katika uwanja wa Belle Vue, makao ya timu ya wanaume ya Doncaster Rovers. Kati ya 1983 na 1994, vipusa hao walinyakua Kombe la FA la Wanawake mara sita. Ligi ya kitaifa ilipoanzishwa katika msimu wa 1991-92, wao ndio waliokuwa mabingwa wa kwanza, tena bila kushindwa hata mechi moja. Walilitwaa taji hilo tena katika msimu wa 1993-94.

Mbona basi jedwali likapuuzwa? Jibu limo katika mfumo wa leseni. WSL ilipoanza mnamo 2011 ikiwa na klabu nane, hakuna timu iliyokuwa ikishushwa. Daraja la pili lilipobuniwa kwa ajili ya msimu wa 2014, kila klabu ilitakiwa kuomba nafasi upya. FA ilipima uthabiti wa kifedha, mipango ya biashara, viwanja na malezi ya chipukizi. Alama za uwanjani hazikuwa kigezo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini kwa Belles ujio wa mgeni tajiri ulikuwa kinyume.

Liverpool ni mfano mwingine wa jinsi fedha zinavyoweza kulipindua jedwali. Walivuta mkia katika misimu ya 2011 na 2012, wakasalimika kwa kuwa hapakuwa na shoka la kushushwa. Baada ya klabu kuwekeza katika kikosi hicho, walitawazwa mabingwa mnamo 2013. Mwaka uliofuata walihifadhi taji kwa tofauti ya mabao, baada ya kutoshana na Chelsea kwa alama 26.

Hata hivyo, uwekezaji ukipungua, jedwali halisamehe. Janga la corona lilipokatiza msimu wa 2019-20, msimamo uliamuliwa kwa wastani wa alama kwa kila mechi. Chelsea waliokuwa na alama 39 kutokana na mechi 15 waliwapiku Manchester City waliokuwa na 40 kutokana na mechi 16. Liverpool, waliokuwa mkiani, waliteremshwa ngazi mwezi Juni 2020, mwezi ule ule ambapo wenzao wa kiume walitwaa ubingwa wa Ligi Kuu. Vipusa hao walirejea mnamo 2022.

Belles nao walipigana kiume. Walirudi katika daraja la kwanza mnamo 2016, lakini wakamaliza mkiani na kushuka tena. Msimu huo huo, Manchester City waliibuka mabingwa bila kushindwa.

Pigo kubwa zaidi lilikuja 2018. Belles walinyanyua taji la daraja la pili katika msimu wa 2017-18, lakini badala ya kupanda walisalimisha leseni kwa ukosefu wa fedha. Msimu uliofuata waliuanzia katika ngazi ya nne.

Hivyo basi, msimamo wa ligi husomwa mara mbili: kwanza kwa alama zilizochumwa uwanjani, kisha kwa uwezo wa klabu kulipia nafasi iliyoipata. Belles walifaulu mtihani wa kwanza mara nyingi. Ule wa pili ndio uliowalemea.